Mtoto Akifurahi Hachoki: Malalamiko ya Babu Aliyechoka

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Familia,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi. Mimi naiandika nimeketi, miguu yangu imo kwenye beseni la maji ya chumvi, na kwa heshima zote nakuomba usiitupe kabla ya kufika mwisho. Aliyeumia ni msomaji wako, na aliyemuumiza ni mwandishi wako.

Mimi ni fundi viatu. Kazi yangu ni kushona soli za watu wanaotembea, mwenyewe hukaa. Mpango huo ulinifaa mpaka binti yangu wa mwisho alipoteleza kwenye ngazi za ofisi anakofanya usafi, akavunjika paja, akalazwa hospitali ya upande wa pili wa mji, mguu umening'inizwa kwa kamba na vyuma vizito. Mtoto wake wa kike, ambaye bado hajaanza shule, akaletwa kwetu. Tunamwita Jaji, kwa sababu akishahukumu hakuna rufaa. Baba yake anaendesha lori la masafa marefu, na wakati huo alikuwa nchi za watu. Mke wangu ana goti bovu. Gari likiwaka tu Jaji hutapika, na nilipojaribu kumbeba, mgongo wangu ulitoa mlio ambao hata majirani waliusikia. Ikabaki miguu. Lakini kila tulipotoka, kabla ya kufika kona ya kwanza, Jaji alikaa chini akatangaza kwamba miguu yake imekwisha. Na huko wodini, kila nilipokwenda peke yangu kwa basi, mama yake alikuwa akiniuliza kama mtoto anakuja, kisha akigeukia ukuta.

Ndipo mke wangu aliponisomea ile makala yenu, "Mtoto Akifurahi Hachoki". Niliyafuata mashauri yake kama mtu anayekunywa dawa. Madhara yake ni haya:

1. Mwandishi alisema mtoto apewe uongozi wa safari. Nilimpa. Jaji alimfuata paka. Paka aliingia kwenye nyumba yenye viti vingi, nasi tukaingia, na kwa kuwa nilikuwa nahema nikaketi. Ilikuwa kliniki ya meno. Wakati Jaji anamtafuta paka chini ya viti, mlango ulifunguliwa, nikaitwa ndani kwa adabu kubwa, nami sikulelewa kukataa ninapoitwa kwa adabu. Nilitoka nina jino pungufu. Sikatai kwamba lilikuwa limeoza, na lilikuwa likinikosesha usingizi. Lakini halikuwa kwenye ratiba.

2. Mwandishi alisema mwendo ugeuzwe kuwa mchezo, mathalani kuiga wanyama. Hakusema nani anagawa wanyama. Jaji alijipa uchui, mimi akanipa ukobe. Nimevuka barabara kuu nimeinama, shingo mbele, kikapu cha chakula cha mgonjwa mgongoni kama gamba, magari yamesimama pande zote. Katika gari la mbele alikuwamo meneja wa benki, mteja wangu. Kesho yake alituma mtu kuchukua viatu vyake kabla sijamaliza kuvishona. Ndugu Mhariri, heshima ya fundi ni kama gundi: ikishamwagika, huikusanyi.

3. Mwandishi alisema kila swali la mtoto lijibiwe, tena kwa ukweli. Nimejibu kwa nini kivuli hakivai viatu. Nimejibu kama mbwa ana mkwe. Yote hayo niliyavumilia. Ila siku ya kwanza tulipofanikiwa kufika hospitali, kwenye geti alikuwepo mlinzi mwenye tumbo lililotangulia. Jaji akauliza kama mjomba yule ana mtoto ndani. Nikajibu kwa ukweli, kama nilivyoshauriwa, kwamba hapana, kile ni chakula. Nilidhani nimenong'ona, lakini mimi masikio yangu ni mazito, na mnong'ono wangu hufika mbali.

Mlinzi akatazama saa, akasema muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Watu wenye chupa za chai walikuwa bado wanapita pembeni yetu. Nilimwita mheshimiwa, nikamwita afande, mwishowe nikamwita mwanangu. Hakugeuka. Nilijua juu kule kuna mtu amechana nywele zake kwa ajili yetu, na nilikuwa nimeshashika mkono wa mtoto turudi. Jaji akauchomoa mkono wake, akamsogelea yule bwana.

"Mjomba, babu hajui vitu vya watoto," alisema. "Ukizaa, atamshonea viatu."

Mlinzi alimtazama, akalitazama tumbo, na tumbo ndilo lililoanza kucheka. Geti likafunguliwa. Tukapita, mimi nikiwa nimeinamisha kichwa, na sasa nadaiwa viatu vya mtoto asiyekuwepo.

4. Hili ndilo kubwa. Mwandishi hakuonya kwamba furaha inaambukiza. Jaji alipanda kitandani akamweleza mama yake yote, jino, kobe na tumbo, kwa vitendo. Binti yangu, ambaye tangu aanguke sikuwa nimemwona hata akitabasamu, alicheka mpaka vile vyuma vikagonga kitanda. Mgonjwa wa jirani akacheka akiwa ameshika mshono wake. Muuguzi mkuu akaja mbio, akatafuta mwenye makosa, akanifukuza mimi. Jaji alibaki akila ndizi. Tangu siku hiyo mama mtu hudai apelekewe kisa kipya kila tunapokwenda, na kisa hakipatikani bila mzee kudhalilika. Nimekuwa kobe, nimekuwa kuku anayetaga, na nimeogelea kwenye nyasi za bustani ya manispaa.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Mwandishi wenu aletwe, akabidhiwe Jaji mchana mmoja, nasi tusome gazeti la kesho yake kama litatoka. Pili, mamlaka ipige marufuku neno "kwa nini" barabarani, ila kwa kibali. Na kwa kuwa Jaji hawezi kuharakishwa, naomba hospitali ndiyo isogezwe, iwekwe nyuma ya banda langu, penye nafasi nzuri tu tukiondoa kamba ya nguo.

Nisalimie wachapaji, wasahihishaji, na yule mchora katuni, ambaye nashuku alikuwa akinifuata.

Ni mimi, niliyewaamini,
Fundi Viatu

Nyongeza: Barua hii ilikosa stempu, ikalala bandani. Binti yangu ametoka hospitali, sasa anatembea kwa magongo. Leo mchana nilifunga banda bila kuambiwa na mtu, nikavaa viatu, nikamwita Jaji tukatembee. Alikuwa amejilaza ubavuni mwa mama yake. "Nenda tu babu," aliniambia, "ukirudi utatuhadithia." Nikaenda peke yangu, njia yetu ile ile ya hospitali. Hakuna aliyeniuliza kitu, sikusimama popote, na njia ikawa ndefu kuliko siku zote. Yale malalamiko myafute. Ila mkiweza, mumwombe mwandishi wenu atuandikie sisi wazee tunaotembea peke yetu: tufanyeje tusichoke?