Kikuku cha Nyumbu wa Askofu

Jumatatu, 28 Aprili, siku ya tatu baada ya sikukuu ya Mtakatifu Marko

Jumapili Baba Askofu anaingia mjini juu ya nyumbu wake, na Mtawala Guiscardo kasema yeye si mtumishi wa kumshikia mtu kikuku cha tandiko, pale pa kukanyagia, akishuka. Eti upanga wa kutawala dunia alipewa na Mungu moja kwa moja, haukupitia mikononi mwa padri yeyote. Baba Askofu anasema panga zote mbili, ule wa roho na ule wa dunia, zinapitia kwake. Kisha akanigeukia mimi, katibu wake: nimtafutie hati ya kale ya kumnyamazisha huyo. Nikiipata, kiti cha kanoni, padri wa baraza la kanisa kuu, ni changu. Nikiikosa, narudi parokia ya mlimani, kwa mbuzi. Mama yangu wee!

Jumanne, 29 Aprili

Hati hakuna. Nimepekua makasha mpaka pua imevimba kwa vumbi. Basi naiandika mwenyewe, kwa jina la kaizari! Kaizari aliyekufa miaka mia tatu iliyopita hawezi kukana. Ngozi mpya ya kuandikia ingeniumbua, kwa hiyo nimechukua kuukuu iliyokuwa chini kabisa ya kasha na kukwangua maandishi yake kwa kisu. Sikuyasoma. Nani ana muda?

Alhamisi, 1 Mei

Nimeitundika jikoni juu ya moshi, ipate uzee. Gisla mpishi kauliza tangu lini makaizari wananing'inizwa pamoja na mapaja ya nguruwe. Nimemwambia afunge mdomo. Sili, silali.

Jumapili, 4 Mei

Nimekwisha! Langoni, mbele ya mji mzima, nikaisoma hati. Ruffino, mwandishi wa mtawala, hasidi yangu tangu shuleni, akaomba aione. Akainusa. Akaiinua juani. Chini ya wino wangu yakajitokeza maandishi ya zamani, naye akayasoma taratibu, akifurahia kila neno: babu yake Guiscardo anaapa kwamba yeye na wazao wake watamshikia askofu kikuku milele.

Hati ya kweli. Na nimeikwangua mimi!

Guiscardo akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema ya juu ni ya uongo, ya chini imefutwa na watu wa askofu wenyewe, basi mzee ashuke mwenyewe. Baba Askofu akashuka mwenyewe. Akaangukia topeni. Ruffino akaniambia, "Teobaldo ndugu yangu, wasalimie mbuzi."

Jumatano, 7 Mei

Mlimani. Mvua. Paa linavuja. Lakini nimeshagundua kosa langu: ule moshi! Barua ya Baba Mtakatifu ya kunipa ukanoni, ninayoiandika sasa mwenyewe, nitaianika juani tu. Nyuma ya altare nimekuta ngozi kubwa, safi, ina maandishi na mihuri mitatu, sijui ya nini. Nimeshakwangua nusu.