Ugonjwa Niliompa Elinaza

Jumatano, 24 Aprili

Mdogo wangu Beatha, Bwana Yesu asifiwe. Huko Hedaru mmeamkaje? Kifua kimepoa? Sisi huku Bombo wazima, ila mimi usingizi umenikimbia. Nitakuandikia kidogo kidogo, kurasa zikitosha nitampa kondakta wa basi akuletee.

Elinaza amekuja kutoka Moshi. Amechukua likizo asome. Jumanne ya tarehe saba anakaa mtihani wa mwisho wa bodi ya wahasibu, ile CPA, na hii ni mara ya tatu. Akifaulu, kiti cha mhasibu mkuu pale kazini ni chake. Asipofaulu, atakikalia kijana ambaye Elinaza ndiye aliyemfundisha kazi. Unamjua mwanao. Hesabu za kidato cha nne alirudia. Diploma kasoma jioni. Digrii kasoma huku anafanya kazi. Hachoki.

Tatizo ni nyumba yangu. Wageni hawaishi mlangoni. Mama Paschal, jirani yangu na kiongozi wa kwaya, kanikalia mpaka saa nane. Kaniuliza hiyo CPA ya binti yangu bado inanyonya au imeshaachishwa. Nikacheka kwa meno tu.

Nimepata wazo.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimetangaza pale bombani kwamba Elinaza anaumwa, asisumbuliwe. Mungu anisamehe. Ila mwezi uliopita alikuwa na mafua, kwa hiyo si uongo, ni ukweli uliochelewa.

Elinaza aliposikia akajishika kichwa. Akasema, mama, ungewaambia tu kwamba nasoma. Nikamjibu kwamba watu hawaheshimu kusoma, wanaheshimu ugonjwa.

Mpaka jioni hakuna aliyebisha hodi. Leo nitalala.

Ijumaa, 26 Aprili

Beatha, nilisahau sisi ni watu gani. Huku kwetu mtu akiumwa, nani anabaki kwake? Jumuiya nzima imekuja, na masufuria ya makande. Mwinjilisti Asheri kaongoza sala. Kwaya ikaimba beti zote, hata zile ambazo huwa tunaziruka. Elinaza ikabidi alale, kitabu chini ya blanketi. Mama Paschal kaleta mizizi aliyoichemsha mwenyewe, akamsimamia mpaka kikombe kikaisha.

Jioni nzima mtoto hakuona kitabu. Aliona choo.

Jumapili, 28 Aprili

Ametajwa kwenye sala ya kanisa, kabla hata ya kuombea barabara. Baada ya ibada, kwenye mnada wa sadaka za mazao, mzee Zephania akanunua mkungu wa ndizi akasema apelekewe mgonjwa. Watu wakapiga makofi. Nikasema amina. Ningesema nini?

Nikaona niufute ule uongo taratibu. Nikamwambia mwinjilisti kwamba mtoto amepata nafuu. Alifurahi mno. Akasema basi, wiki hii jumuiya itakuja kwangu kila jioni kumshukuru Mungu.

Elinaza hasemi na mimi. Anatafuna kalamu.

Jumanne, 30 Aprili

Jioni nikasikia nyimbo zinapanda kutokea mgombani. Nikakimbilia chumbani nimwambie mtoto ajilaze. Kitanda kitupu. Vitabu havipo. Dirisha wazi. Na kwaya imeshafika uani.

Nikavua viatu, nikaingia kitandani mwenyewe, nikajifunika gubigubi.

Wakaingia. Asheri akaweka mkono juu ya blanketi akaomba. Mzee Zephania akanong'ona kwamba binti ugonjwa umemvimbisha, mbona alikuwa mwembamba. Mwingine akauliza ni mama gani anatoka nyumbani na mwanawe yuko katika hali hii. Jasho likanitiririka. Blanketi lenyewe fupi, miguu iko nje. Mama Paschal akaja akasimama upande wa miguu. Beatha, nimeimba na yule mama tangu usichana, nyufa za visigino vyangu anazijua. Nikasema moyoni, nimekwisha.

Akakohoa. Akasema, wapendwa, mgonjwa apumzike, shukrani tukazimalizie nje.

Walipoondoka akarudi peke yake. "Amka, Mama Elinaza. Mwanao yuko kwangu, kwenye stoo ya tangawizi. Watu wote wamehamia huku, kwangu hata kuku wanasinzia."

Kumbe ufunguo yeye ndiye aliyempa Elinaza. Na uji. Atasoma kule mpaka siku ya safari. Nikamuuliza, si wewe uliyeicheka CPA? Akasema anachekaga hata kwenye harusi. Akasema ningetamka tu kwamba mtoto anasoma, angesimama njiani yeye mwenyewe kuwarudisha watu.

Maneno mazuri. Nadhani anatafuta sifa.

Jumatatu, 6 Mei

Elinaza ameondoka. Mvua kubwa, basi likakwama kwenye tope bondeni. Jumuiya ikateremka kulisukuma. Elinaza naye akashuka, akapandisha sketi, akasukuma kuliko wanaume. Asheri akaacha kusukuma akamwangalia. Akasema kweli Mungu ni mkuu, juzi huyu alikuwa hata kugeuka hawezi.

Nikaangalia milima.

Alhamisi, 18 Julai

Amefaulu.

Alipiga simu analia. Nikadhani amefeli, nikaanza kumfariji, nikamwambia hata Petro alianguka mara tatu. Akasema, mama, nisikilize kwanza. Kiti ni chake. Mshahara umepanda, na gari la ofisi kapewa. Nikapiga magoti hapohapo jikoni.

Mama Paschal naye kamrudisha binti yake Lukia shuleni akarudie hesabu, na Elinaza anamfundisha kwa simu. Watu wanamuuliza Elinaza siri ni nini. Anasema ni kusoma, ukianguka urudie, na usione aibu kurudia. Mtoto mnyenyekevu. Hataki tu kusema ni mama yake. Lakini wewe jiulize, angekuwa mzima zile siku, angefaulu?

Sasa Victoria wangu, mdogo wake Elinaza, ana mtihani wa kidato cha nne mwezi wa kumi na moja. Safari hii sirudii kosa. Kosa lilikuwa kuchagua ugonjwa ambao watu hawauogopi. Nimeamua awe na tetekuwanga. Mtu wa huku akikuuliza, sema umesikia hivyo. Ila vipele huanzia usoni au tumboni? Kondakta anapita kesho na kurasa hizi. Nijibu upesi, Beatha, maana Mama Paschal ameshaanza kuniangalia.