Watoto wa Konokono Namba Saba

Jumanne, 4 Juni

Roboti imepanda leo kutoka kwenye matundu ya sakafu ya bahari yatoayo maji ya moto yenye kiberiti, mita elfu moja na mia saba chini ya meli yetu, katika Bahari ya Bismarck. Konokono kumi na mmoja! Weusi, wakubwa kama ngumi. Daktari Isozaki akampindua mmoja, akakuta mfuko ndani ya mguu. Umejaa watoto. Mnyama anayebeba mimba mguuni! Wote wakampigia Isozaki makofi. Mimi pia, kwa vidole viwili.

Profesa Murakoshi, kiongozi wetu, ametangaza: atakayeonyesha watoto hao huenda wapi wakizaliwa ndiye atakayebaki kazini. Nafasi ni moja. Isozaki anasema huelea gizani hukohuko chini. Mimi nasema hupanda juu kufuata mwanga. Nimesema hivyo miaka sita. Lazima iwe kweli.

Jumatano, 5 Juni

Nimemwiba konokono namba saba, mwenye mimba. Isozaki alikuwa anakula tambi. Kwenye daftari la maabara nikaandika: amekufa. Yumo chumbani kwangu, kwenye ndoo ya maji ya bahari na barafu. Mzee Higa, mpishi, alipokuwa akinipa barafu aliuliza ya nini. Nikamwambia nina homa. Akaninusa. Akasema kwao Okinawa wagonjwa wa homa hawanuki kiberiti.

Saa tisa alasiri mguu ukafunguka. Polepole, kama kinywa cha mtu anayeota. Ukatoka moshi mweupe. Kumbe si moshi. Watoto! Mamia! Hawakutoa sauti yoyote. Mbona basi nilijikuta nimeziba masikio?

Alhamisi, 6 Juni

Bomba la kioo, limesimama wima. Taa juu. Watoto ndani. Wakapanda! Nikatokwa na machozi. Nikazima taa ili kuhakikisha tu. Hawakushuka. Nikachungulia vizuri: kumbe hawakuwa kwenye taa. Walikuwa kwenye ukuta wa kioo, upande niliosimama mimi.

Nikahamia kushoto. Baada ya dakika kumi, nao kushoto. Nikaketi kitandani. Wakaja upande wa kitanda, safu nyeupe, wamebanana kama watu dirishani kwenye msiba.

Hawana macho. Najua hawana macho, niliwakagua mwenyewe. Nimewapa mgongo niandike haya. Shingo inanisisimka.

Haidhuru. Profesa hana haja ya kujua wanamtazama nani. Kesho nitapanda juu ya kiti, niwe jirani na taa.

Ijumaa, 7 Juni

Onyesho, chumbani kwangu. Mimi juu ya kiti, kidevu kwenye taa. Watoto wakapanda. Profesa akaguna kwa furaha. Ndipo Isozaki akaingia, akaweka viganja vyote viwili kwenye kioo, chini kabisa. Akangoja. Tukangoja. Kisha wote wakaniacha. Wakashuka kwake kimyakimya, kama theluji.

"Hawafuati mwanga," akanong'ona. "Wanafuata joto. Labda ndivyo wanavyolipata tundu jipya kwenye giza lile. Bwana Ukai, wewe umeliona hili lini?"

Nikasema jana.

"Na ukanyamaza?"

Macho yake yakatua kwenye ndoo. Namba saba. Sasa alikuwa amekufa kweli, mguu wazi, mtupu. Isozaki akamchukua kwa mikono miwili.

"Ungeniomba tu," akasema. "Ningekupa."

Profesa alitaka nishushwe bandari ya kwanza. Isozaki akakataa. Akasema ugunduzi utaandikwa kwa majina mawili, lake na langu, na atamwomba mkurugenzi nafasi ya pili ya kazi, mradi nirudishe watoto wote baharini, hata mmoja asibaki. Nikalia. Nikaapa kwa kaburi la mama yangu. (Mama yuko Nagasaki, mzima, anacheza gofu.)

Jumamosi, 8 Juni

Nimefikiri vizuri. Joto gani! Mzee Higa naye ana joto, tena amenenepa. Aliingia kuchukua ndoo yake na hakuna hata mmoja aliyemgeukia. Hawafuati joto. Wananifuata mimi. Kwa Isozaki walipotea tu, ni watoto. Jambo hili ni kubwa kuliko majina mawili!

Wengine nimewarudisha baharini, nimebakiza arobaini. Wamo kwenye kichupa, mfuko wa shati, juu ya moyo. Isozaki hajui. Asubuhi walijibana upande wa kifua changu, nikaongea nao kuhusu maisha yangu. Tangu saa sita mchana wamelala chini ya kichupa, weupe, hawasogei hata nikikitikisa.

Wananisikiliza.