Herufi ya Tiketi ya Mama Marseli

Jumatatu, 4 Juni 1984

Tiketi imefika! Mama Philomena, yaani Mama Marseli, anakwenda Roma. Mwanawe Marseli anapewa upadri huko Jumamosi ya tarehe 16, na wafadhili wake wamemlipia mama ndege. Mama ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Mbulu!

Baada ya misa tiketi ikapita mkono kwa mkono. Kila mtu alifuta vidole kwanza. Ndege mbili, kampuni mbili, tiketi moja: uwanja wa ndege wa KIA mpaka Nairobi, Nairobi mpaka Roma. Na kando ya kila safari, herufi moja tu. Y.

Y ndiyo nini? Mektilda, binti wa Mama Marseli, mwalimu wetu wa darasa la nne, mzuri hata sijui niandikeje, akauliza kama kuna anayejua.

Nikasema najua. Nikasema niliwahi kufanya kazi KIA. (Nilibeba mchanga wakati wa ujenzi. Ni kazi.)

Nikaeleza. Herufi ni mahali pa kukaa. M ni Mbele. F ni Fukara. Y ni Yatima, anakaa mkiani karibu na choo. Watu wakaguna kwa huruma. Mama Marseli akasema hata chooni atakaa, mradi afike.

Nikaapa moyoni: huyu mama atapanda herufi. Na Mektilda ataona ni nani aliyempandisha.

Jumanne, 5 Juni

Alhaji Sadallah! Alikwenda Makka kwa ndege mara moja, na tangu hapo hapumziki. Dukani kwake hakuna sukari, hakuna sabuni, hakuna betri. Maneno yapo tele.

Leo kamwambia Mektilda, mbele yangu, kwamba herufi ni aina ya nauli, si kiti. Eti Y ni nauli kamili, na kampuni zina mapatano: moja ikishindwa kuruka, nyingine inaipokea tiketi ileile kama yake. Eti M ni nauli ya punguzo, imefungwa kwa kampuni moja. Kampuni hiyo ikilala, na wewe unalala.

Nikamuuliza tangu lini mwenye basi akakubali tiketi ya basi la mwenzake. Akanywa kahawa. Kunywa au kushindwa. Ni yaleyale.

Mektilda alimsikiliza kichwa kikiwa upande. Sikupenda kile kichwa.

Jumatano, 6 Juni

Nimemwomba Mama Marseli tiketi, nikamwambia naipeleka Arusha ikakaguliwe. Akanibariki, akanipa na viazi vya njiani. Basi limeishiwa dizeli Makuyuni. Dereva kachukua dumu, kaondoka kwa miguu. Abiria wamekula viazi vyangu, wakanisifu sana. Tunalala hapa.

Ijumaa, 8 Juni

Nimefika. Ofisi ya tiketi ni safi mno. Nikamwambia dada wa kaunta naomba hii Y iwe M.

Akanitazama. Akaita mwenzake. Naye akanitazama. Wakaniuliza kama nina hakika kwamba nataka nauli kamili igeuzwe kuwa ya punguzo. Nikawaambia wasinifundishe alfabeti. Wakasema basi aje abiria mwenyewe.

Wivu mtupu. Nikatoka kwa heshima. Mlango ulikuwa wa kuvuta, nami niliusukuma kwa muda.

Jumapili, 10 Juni, Pentekoste

Mpango mpya! Nimemrudishia Mama tiketi, nikamfundisha faraghani nyuma ya kanisa: wakikuuliza herufi uwanjani, wewe sema M, kwa sauti ya mtu asiye na shaka. Tukafanya mazoezi. Mwanzo alisema “emu” kama anaomba maji. Mwishoni njiwa waliruka paani.

Jumatano, 13 Juni

Siku gani hii!

Tulikwenda KIA na Landrover ya parokia, tukiimba toka Babati. Alhaji Sadallah alikuwa ametuma sanduku lake la Makka kwa Mama, limefungwa mkanda. Kujionyesha tu, ingawa ni sanduku zuri.

Uwanjani nilimwona mzee mmoja wa suti mwenye tiketi ya F. Maskini. Walimtenga peke yake kwenye chumba chenye mapazia, wakampa juisi. Nilimsikitikia mno.

Kisha tangazo: ndege ya Nairobi imeharibika, mpaka Jumamosi. Jumamosi! Siku yenyewe ya upadri! Afisa akapita akiuliza abiria herufi zao. Akafika kwetu. Akamuuliza Mama kwa adabu.

“EMU!” akajibu Mama. Uwanja mzima uligeuka.

Afisa akamwonyesha benchi. Watu wa M wasubiri Jumamosi, akasema, tiketi zao haziendi kwa kampuni nyingine. Watu wa Y wapange foleni, wanachukuliwa jioni na ndege ya wengine, moja kwa moja Roma.

Mama akakaa benchi, akaanza kulia bila sauti. Kilemba kipya, viatu vipya, machozi. Mimi nilichunguza dari. Ni dari imara.

Mektilda akanitazama, akaitazama foleni, akamnyang’anya mama yake kikapu, akatoa tiketi. “Kaka, shikamoo, usimsikilize mama. Soma mwenyewe. Ni Y!”

Afisa akasoma. Akaomba radhi. Akapiga simu, akabandika kikaratasi, na ile kampuni nyingine ikaipokea tiketi kama imeiandika yenyewe. Mama alipanda ngazi akipunga khanga. Tulipiga vigelegele hadi mpakia mizigo naye akapiga.

Njia nzima Mektilda alitazama dirishani. Anatafakari.

Jumatatu, 18 Juni

Telegramu! NIMEFIKA MARSELI PADRI NDEGENI KUNA WALI MAMA.

Imesomwa dukani kwa Alhaji, watu wamejaa mpaka barabarani. Mektilda akasimulia yote, pamoja na njiwa, kumbe aliwaona. Alhaji alicheka akakalia gunia, akanikumbatia, akanipa kipande cha sabuni alichokificha tangu Januari. Mektilda alicheka hadi akashika nguzo. Mwanamke hamchekei hivyo mtu asiyempenda.

Na ukweli ni huu: Mama asingesema M, nani angekumbuka kuitazama ile Y? Mimi ndiye niliyemfikisha Roma. Sijidai. Naandika tu.

Jumatano, 20 Juni

Parokia imeletewa mashine ya kusaga kutoka Uholanzi. Kijiji chetu kizima cha Bagara kinasubiri unga. Maelekezo ni ya Kiholanzi, na Padri wetu wa parokia akauliza nani anaweza kusaidia. Nimemwambia Kiholanzi nakielewa vizuri, ni Kijerumani kilichochoka.

Nimeshaifungua yote, mpaka skrubu ya mwisho. Kuifungua imekuwa rahisi sana.