Mkaratusi Ndani ya Koti

Walimwita Daktari wa Miti, ingawa mgonjwa pekee aliyewahi kumtibu ni mfuko wake mwenyewe. Alikuwa mtu wa bondeni kwenye joto, na asubuhi ile alipoegesha pikapu yake katika mji wa mlimani alikuwa amevaa makoti mawili na bado meno yanagongana. Jalidi, umande ulioganda, ilikuwa imelala juu ya kila paa. Kando ya barabara, mwanamke mwenye aproni ya bucha alikuwa anang'oa miti iliyoungua kwa baridi huku akiilaani.

Daktari akaona riziki inamkonyeza. Nyuma ya pikapu alikuwa na miche ya mikaratusi ya bondeni, ya kawaida kabisa, isiyojua jalidi ni mdudu gani.

"Pole, mama. Hii yangu imetoka Australia, kule milimani. Theluji kwake ni shuka tu."

"Haifi?"

"Ikifa, nifukie mimi."

Mama Bucha alikuwa na shamba kubwa na tamaa ya nguzo za kuuza. "Nalipia miche yote sasa hivi, naiweka stoo. Lakini mmoja ulale kwenye chumba changu cha baridi, na nyama. Ukiamka mzima, biashara imekwisha. Ukifa, unarudisha changu."

Daktari nusura ambusu. Akaufunga mche ule uzi mwekundu, "alama ya uaminifu", kisha akaficha pacha wake, mwenye uzi kama ule, ndani ya koti la ndani. Asubuhi angejikwaa kidogo, na pacha wangebadilishana zamu.

Kulipokucha chumba kikafunguliwa. Baridi ikamchapa usoni. Akajiandaa kujikwaa, akaganda. Mche ulikuwa umesimama kijani, majani laini.

"Mungu wangu!" alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi alimaanisha.

Hebu tumhurumie. Mwongo hana ugonjwa mbaya kuliko kuyaamini maneno yake mwenyewe. Kumbe miche ni ya kweli! Kumbe amegawa utajiri kwa bei ya mboga!

"Mama, haiuzwi tena. Chukua pesa zako."

"Na nguzo zangu?"

"Nitaongeza."

Mama Bucha akachungulia nje. "Bucha yangu haina gari."

Pikapu ile ilikuwa miguu ya Daktari. Mji wowote ukimchachamalia, ilimtoa kabla watu hawajavaa viatu. Bila hiyo, yeye ni mtu wa kukamatwa tu. Akasitasita muda wa kupiga chafya moja, akarudisha pesa, akatoa funguo.

Miche akaipanga uani kwenye nyumba ya wageni alikofikia, wazi kabisa, kila mtu aione. Wageni wenzake wakaipenda. Wakalipa kabla ya kuichukua. "Ikifa, nifukieni mimi," akawaambia, moyo unacheza ngoma.

Asubuhi iliyofuata, miche yote ilikuwa myeusi.

Alitoka mbio hadi barabarani, akakuta pikapu yake mwenyewe inapita imejaa nyama. Mama Bucha akashusha kioo.

"Umeniingiza mkenge!" Daktari alilia. "Ule mche mbona ulipona?"

"Chumba kile kimeharibika tangu wiki iliyopita, shemeji. Hakigandishi hata maji. Lakini wewe wa bondeni, kwako baridi zote ni moja."

Nyuma yake sauti zikapaa. Wageni walikuwa wameona ya uani, na mmoja aliuliza jembe liko wapi. Wengine walikuwa wanatafuta viatu.

"Dada yangu, nipakie! Mpaka bondeni! Nauli ninayo!"

"Za watu waachie watu."

Akaziweka pesa juu ya jiwe. "Haya, sina kitu tena."

"Unacho. Nipe huo uliomo kotini."

"Upi?"

"Usinichezee. Tangu jana koti lako linanuka dawa ya mafua bucha nzima."

Daktari akafungua koti la kwanza, akafungua la pili. Mche ukatokeza na uzi wake mwekundu, kijani, mzima, umelala kwenye joto la mwenye koti. Alitaka kulia. Kati ya miti yake yote, ni huu tu uliomwamini.

Mama Bucha akaupokea kwa heshima zote, akauweka mbele karibu na usukani. "Huu nitaufuga ndani," alisema. "Panda nyuma, utazame usidondoshe nyama."

Akapanda. Pikapu ikaondoka kabla mtu wa kwanza hajamaliza kufunga kamba za viatu.