Bawabu Hapigiki Kwenye Joto

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu amekwenda kwao. Anasema anasaidia maandalizi ya harusi ya mdogo wake, Jumamosi hii. Lakini amebeba pasi. Mtu anayekwenda kusaidia harusi habebi pasi.

Nyumba kimya. Isipokuwa feni ya kompyuta, inayonguruma kama mashine ya kusaga. Chumba chetu kiko juu kabisa, chini ya bati, na joto la mchana hujikalia humo hadi usiku. Nimecheza Ngome ya Chumvi baada ya kutoka kazini. Ni gemu ngumu. Mimi napenda gemu ngumu. Nyepesi ni za watu wasiojiheshimu. Langoni yupo Bawabu, jitu lenye rungu. Bado sijampita. Si kosa langu. Kila akiinua rungu, picha inaganda. Ikirudi, mimi niko chini na yeye anajitembelea zake.

Nimeandika maoni kwenye jukwaa la wachezaji mtandaoni. Marefu, yenye hoja. Nimesema ugumu unaoletwa na picha kukwama si ugumu, ni dhuluma, na waliotengeneza gemu hii hawajawahi kuishi chini ya bati. Hapo hapo akajibu yule anayejiita Kidole Chuma. Hunifuata kila ninapoandika. Akasema kompyuta yake ni kuukuu kuliko yangu na Bawabu alishammaliza kitambo. Akasema tatizo langu liko kati ya kiti na kibodi.

Nilitazama kati ya kiti na kibodi. Nikachelewa kuelewa.

Nimemjibu anipe hadi Ijumaa. Nitaweka video.

Jumanne, 4 Machi

Wazo limenijia kazini, nikiwa ndani ya chumba cha baridi. Mimi ndiye msimamizi wake. Ni ghala la maua, na maua hukaa humo yasinyauke. Kama baridi inalifaa waridi, itaifaa kompyuta. Nashangaa sikuliona hili mapema. Watu wenye akili hupitwa na mambo yaliyo mbele ya pua zao.

Mchana nikaifuata nyumbani, nikaileta ndani ya boksi la maua. Gari la kusambaza lilikuwa limetoka, bosi naye yuko mjini. Nikaipanga nyuma kabisa, kwenye kona ya majani ya kupambia. Tatizo moja: humo hakuna soketi. Nikavuta waya kutoka ofisini. Mlango ukakataa kufungika vizuri, nikaziba upenyo kwa gunia.

Dada mpanga maua aliuliza waya ule ni wa nini. Nikamwambia ni wa kipimajoto kipya. Akasema vizuri, kile cha zamani kilikuwa kinasumbua. Huamini anachoambiwa. Inachosha kumdanganya mtu kama huyo, huna hata raha ya kufanikiwa.

Matokeo ni makubwa. Feni imenyamaza. Picha zinateleza kama maji kwenye sahani. Kwa mara ya kwanza nimemwona Bawabu sawasawa. Ana ndevu. Miezi yote hii sikujua.

Kisha akaniua. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi.

Jumatano, 5 Machi

Nimejaribu glavu. Kila kitufe nilichobonyeza kilibonyezwa pamoja na jirani yake. Shujaa wangu alivua silaha zote mbele ya Bawabu, akainama, akaanza kuchuma uyoga.

Saa nane yakaja maua ya harusi ya shemeji. Waridi jeupe na mayungiyungi, ndoo kwa ndoo, zimejaza chumba chote. Familia ya mke wangu imeagiza kwetu kwa sababu yangu.

Jioni mke wangu akapiga simu. Mwenyewe, bila mimi kumtafuta. Akasema amewaambia nyumbani kwamba mimi ndiye ninayetunza maua, na baba yake akasema basi yako kwenye mikono salama. Baba mkwe hajawahi kunisifia jambo lolote. Mke wangu akasema, "Tafadhali, mume wangu. Hili moja tu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilimaanisha. Nilitaka kumuuliza kuhusu pasi, nikaogopa jibu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata dawa ya vidole. Hita ndogo ya ofisini, ile anayoweka bosi miguuni asubuhi. Nimeisimamisha karibu na kibodi, inapuliza mikononi tu. Kompyuta ina baridi yake, mimi nina joto langu, kila mtu kapata haki yake. Sijui kwa nini makampuni makubwa hayajafikiria hili.

Leo nimepigana kama mtu. Nilimfikisha Bawabu nusu ya uhai wake. Aliyumba. Niliona kwa macho yangu akiyumba, ingawa huenda aliteleza. Sikushinda, lakini mtu yeyote mwenye jicho anaona kwamba ningeshinda. Nimetuma video jukwaani hapo hapo bila hata kuitazama.

Nilikuwa naanza tena niliposikia gari la bosi likiingia uani. Nikazima skrini, nikafunika kila kitu kwa gunia, nikatoka nimeshika ndoo kama mtu mwenye shughuli. Bosi alinishika maongezi mpaka muda wa kufunga. Akanisifu kwa bidii. Nikaenda nyumbani nikipiga mluzi.

Ijumaa, 7 Machi

Hita.

Nilikumbuka nikiwa nimeweka ufunguo kwenye mlango wa ghala asubuhi. Hewa iliyotoka chumba cha baridi ilikuwa ya vuguvugu, yenye harufu tamu ya kitu kinachoanza kuoza. Mashine ya baridi ilikuwa imeshindana na hita usiku kucha, na mlango nusu wazi, hadi ikakata tamaa ikazimika. Waridi lilikuwa limefumbuka lote, limepanuka kama viganja, na vichwa vimeinama. Mayungiyungi yamegeuka rangi ya chai. Petali zimetapakaa sakafuni.

Kompyuta ilikuwa inatiririka maji.

Nitaandika kweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Niliifuta kompyuta kwanza.

Dada mpanga maua alipofika nikamwambia mashine ya baridi imeharibika. Akatazama mashine. Akatazama waya, akaufuata kwa macho hadi kona ya majani, akaona hita, kiti changu, na kibodi. Nilisubiri anitukane. Alikunja mikono ya blauzi, akasema nimletee majani yote yaliyosalia na mkasi. Tumekata na kupanga majani kutwa nzima. Ameokoa mawaridi machache kwa ajili ya shada la bibi harusi. Mengine yote ni majani.

Jumamosi, 8 Machi

Ukumbi wa kijani. Meza za kijani. Jukwaa la maharusi kama bustani baada ya mbuzi kupita. Majani yamepangwa vizuri mno, nakiri. Mgeni asiyejua angeweza kudhani ndivyo ilivyokusudiwa. Lakini wote walikuwa wamesikia habari za waridi.

Nilimwona shemeji akiingia ameshika lile shada dogo kwa mikono miwili. Alikuwa amelia na kupakwa poda upya. Mama mkwe alinishika mkono akanizungusha kwa ndugu, meza moja baada ya nyingine, akisema kwa upole, "Huyu ndiye aliyetutunzia maua." Baba mkwe hakunitazama. Nilikaa meza ya nyuma na mpiga ngoma aliyekuwa mapumzikoni.

Mke wangu alivaa gauni nisilolijua, limepigwa pasi vizuri. Alikuja mara moja tu. Akauliza swali moja: ilikuwa ile kompyuta? Nikasema ilikuwa umeme. Ukiangalia kitaalamu, si uongo.

Akarudi kwa dada zake.

Jumapili, 9 Machi

Nimeshinda kitandani. Jioni nikafungua jukwaa kwa simu, nipate hata neno moja jema. Watu wengi wameitazama video. Kidole Chuma ameandika kwamba sasa kompyuta haikwami tena, pongezi, na kwa hiyo wote tunaiona mikono ilivyo.

Nikaitazama na mimi. Bawabu anainua rungu polepole, mtu angeweza kunywa chai hapo katikati. Shujaa wangu anamtazama. Kisha anajiviringisha moja kwa moja chini ya rungu. Anafufuka. Anajiviringisha tena chini ya rungu. Ile nusu ya uhai niliyomwondolea, sehemu kubwa alijiondolea mwenyewe kwa kujigonga ukutani.

Haikuwa hivyo nilipokuwa nacheza. Nadhani kuna namna video hupotosha.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefukuzwa kazi. Bosi hakupaza sauti. Alisema ghala litamlipia dada mpanga maua siku za mapumziko, maana tangu Ijumaa mikono inamtetemeka kwa kukata majani. Nilikwenda kumuaga. Nikamwambia pole. Akaniambia, "Ungeniomba tu ukae ofisini, kuna feni." Nilimwelezea kwamba feni haitoshi kwa kadi ya picha ya kompyuta kama ile. Akaendelea na kazi yake.

Kompyuta iko kwa fundi.

Jumanne, 11 Machi

Fundi ameikausha. Imewaka. Amesema maji hayakufika pabaya, lakini nisiiweke tena mahali penye joto wala penye unyevu. Nimemuuliza mahali pasipo na hayo pako wapi. Akasema kwake hapana, anafunga saa kumi na moja.

Jumatano, 12 Machi

Mke wangu amekuja. Hakukaa kitandani, alikaa kwenye kiti. Akazungumza muda mrefu bila hasira, na hilo lilinitisha kuliko hasira. Akasema amechoka kuolewa na mgongo wa mtu. Akasema siku ya harusi alilia, na hakulilia maua. Akaniuliza kama ninajua alichokililia. Nikasema ninajua. Sikujua, lakini ningefikiria baadaye.

Kisha akasema kuna njia moja. Niende kwao niwaombe radhi baba na mama, nikae nao mwezi mzima, wanione, niwaone. Nitalala kile chumba cha uani, maana ndani kumejaa wageni wa harusi. Akainama, akasema anajua ni jambo zito kwa mwanamume, na hatashangaa nikikataa.

Nakikumbuka kile chumba. Kuta za mawe, nene. Mti mkubwa umekifunika, jua haligusi paa mwaka mzima. Sakafu kavu kabisa. Baba mkwe alikuwa akihifadhi mbegu humo, na mbegu hazivumilii unyevu. Na soketi mbili.

Nikasema nitakwenda. Kesho.

Mke wangu akaanza kulia. Akasema miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kukubali jambo haraka hivyo. Alinishika uso kwa mikono yake miwili. Sijashikwa hivyo muda mrefu. Nami nikatokwa na machozi, na nadhani yalikuwa ya kweli.

Ametangulia kwenda kuwaambia. Nimeshafungasha. Begi kubwa limejaa. Skrini imeingia kwa shida. Nguo nitazifuata siku nyingine.