Kinyozi Mwenzangu wa Mtandaoni

Ndugu Mhariri,

Nakuamkia kwa heshima. Mimi ni Abdelmajid Karray, kinyozi wa karibu na lango la Bab Diwan hapa mjini Sfax, miaka thelathini na minane kwenye kiti kilekile. Watu wananijua kwa mambo mawili: wembe mwepesi na mdomo mzito. Mwaka jana binti yangu Rim alinifungulia ukurasa mtandaoni, kwa nia njema, duka lisisahaulike. Huweka picha yangu nikinyoa, na chini yake maneno ya hekima ambayo eti nimeyasema. Sijayasema. Wafuasi wamefika elfu kumi na moja, nami nimebaki mpangaji ndani ya jina langu mwenyewe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wateja wapya hawaji kunyolewa, wanakuja kusikiliza. Mwalimu mmoja alitoka mji wa Gabès, akakaa, akafumba macho, akangoja. Nikamnyoa kimya. Akitoka nikamsikia akimwambia mkewe, "Siye huyu. Labda ni mdogo wake."

2. Mke wangu Zohra amesoma kwamba mimi humwita taa ya nyumba. Juzi mezani nilisema, "Wewe, nipe chumvi." Akanijibu, "Mimi siitwi Wewe. Nenda kasome ninavyoitwa." Kuskusi nikaila hivyo hivyo, bila chumvi.

3. Nimealikwa kwenye posa ya watu nisiowajua, niseme kwa niaba ya ukoo wa bwana harusi. Nimekataa mara tatu. Wanadhani ni unyenyekevu.

4. Hili ndilo zito. Mimi na kaka yangu Moncef hatukusemezana miaka sita, kisa mizeituni aliyotuachia baba. Mwezi uliopita yule wa mtandaoni akaandika: "Mzeituni utazaa tena mwakani. Kaka yangu hatazaliwa tena." Jumanne Moncef akaingia dukani, amezeeka, kofia mkononi. Akasema, "Nimesoma, Majid. Nami nisamehe." Na msamaha wenyewe sikuuomba mimi. Nikamwonyesha kiti. Nikamnyoa polepole kuliko ninavyomnyoa mtu yeyote, na mkono ulikuwa ukitetemeka. Nilipomfuta shingo akanishika kiganja, tukakaa hivyo hadi maji ya moto yakapoa. Ijumaa anakuja kula kwetu na wanawe. Sasa nakuuliza, Mhariri: aliyepatana na kaka yangu ni nani?

Kwa hiyo naomba gazeti lako litangaze kwamba kinyozi wa mtandaoni na kinyozi wa Bab Diwan ni watu wawili. Ukurasa ufungwe. Ikishindikana, yule bwana apewe kitambulisho chake, alipe kodi yake, na kwenye posa aende mwenyewe.

Nisalimie wote hapo ofisini, wapiga chapa, na kila mwenye ndevu.

Wako, asiye na mengi ya kusema,
Abdelmajid Karray

Tanbihi: Mimi ni mtu wa wembe, si wa kalamu, kwa hiyo barua hii nilimwagiza Rim. Nilichomwambia ni, "Andika wafunge." Mengine yote ni yake. Amenisomea mara mbili na sikuona neno la kufuta. Habari za mkono sikumwambia, wala sijui alijuaje, lakini kweli ulitetemeka. Basi ukurasa uacheni.